Ekseli ya mbele: kabla hujaliongezea nguvu gari lako la porini

Ukisimama kandokando ya barabara ya Morogoro siku chache kabla ya Krismasi, utayaona magari yakitoka mjini kwenda bara yakiwa yamesheheni watoto, magodoro na magunia. Miongoni mwake hazikosekani Land Cruiser na Land Rover za miaka mingi, ambazo zilitumikia kwanza ofisi au shughuli za utalii, kisha zikauzwa kwa watu binafsi. Wenye magari hayo aghalabu ni wafanyakazi kama wewe, waliochanga na ndugu zao ili ukoo uwe na chombo cha kuufikisha kijijini hata mvua zikinyesha. Chombo hicho kinapokwama topeni jioni, mbali na nyumba ya mtu yeyote, huku sauti ya chuma kikivunjika imekwisha sikika chini ya sakafu, lawama hutupiwa tairi, barabara na dereva. Mara nyingi mkosaji ni kiungo kimoja cha chuma, kiasi cha kushikwa kwa viganja viwili, kilichofichwa ndani ya ekseli ya mbele.

Siku hizi umezuka mtindo wa kuyapandisha magari haya. Mtu akishalinunua gari hushauriwa atie tairi kubwa, springi ndefu na kufuli la difu. Hatimaye huambiwa kwamba sasa lazima anunue shafti na jointi za nguvu kutoka ng'ambo. Fedha inayotakiwa si haba. Kwa familia nyingi ni karo ya shule ya mwaka mzima. Yafaa basi mwenye gari, na mwenzi wake anayeshirikiana naye katika kulipa, wajue kitu hicho hufanya kazi gani, huvunjika kwa sababu gani, na ni lini inapokuwa halali kukitolea fedha.

KIUNGO KINACHOKATA KONA

Gurudumu la nyuma lina kazi moja tu, nayo ni kusukuma. Shafti yake hutoka kwenye difu ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye habu. Gurudumu la mbele la gari linalovuta kwa magurudumu yote manne limebebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja: lizunguke kwa nguvu ya injini, na papo hapo ligeuke kushoto na kulia likiufuata usukani. Kwa hiyo shafti yake haina budi kukatwa karibu na gurudumu na kuungwa kwa kiungo kinachoweza kujipinda huku kinazunguka. Kiungo hicho ndicho jointi.

Jointi ya zamani kuliko zote ni ya msalaba, ile ambayo mafundi wetu huiita krosi. Fikra yake huhusishwa na Mwitalia Girolamo Cardano wa karne ya 16 na Mwingereza Robert Hooke wa karne ya 17. Ni jointi imara na rahisi kutengeneza, lakini ina ila moja: ikipindwa, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo ulio sawa. Shafti ikizungushwa mara 100 kwa dakika, na jointi ikiwa imepinda digrii 30, upande wa gurudumu hupungua mpaka kiasi cha 87 kisha hupanda mpaka 115, mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Dereva huyahisi hayo mikononi kama mtukutiko wa usukani anapokata kona huku magurudumu ya mbele yanavuta.

Ili kuiondoa ila hiyo, mafundi wa Ulaya na Marekani walihangaika sana katika miaka ya 1920. Huko Ufaransa, Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille walibuni jointi iliyoitwa Tracta, ambayo baadaye ilitumika katika Land Rover za kwanza za mwaka 1948. Huko Marekani, Alfred Rzeppa, mhandisi wa kampuni ya Ford, alibuni jointi ya gololi, nayo ndiyo iliyoushinda ulimwengu. Ndani yake mna kikombe cha chuma chenye mifereji sita. Katikati ya kikombe mna nyota yenye mifereji sita kama hiyo. Na baina ya hivyo viwili mna gololi sita zilizoshikwa na kizimba. Kila jointi inapopinda, gololi hujipanga katika nusu kamili ya pembe, na kwa hiyo pande zote mbili huzunguka kwa mwendo mmoja. Wenye Land Cruiser duniani kote huiita Birfield, jina la kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza jointi za namna hiyo.

Land Rover iliiacha Tracta na kutumia krosi kwa miaka mingi, na gari lile lililovutwa kwa magurudumu ya nyuma tu barabarani halikuona taabu. Range Rover ilipotoka mwaka 1970, na One Ten mwaka 1983, magurudumu yote manne yakawa yanavuta wakati wote, na hapo jointi ya gololi ikawa haina mbadala.

HESABU YA NGUVU

Tuchukue mfano wa Land Cruiser ya dizeli yenye silinda sita na injini ya lita 4.2, gari ambalo utalikuta Ngorongoro, katika zahanati za mbali na katika msafara wa harusi. Injini yake hutoa nguvu ya kusokota ya takriban Newton-mita 285. Gia ya kwanza huizidisha nguvu hiyo kiasi cha mara nne. Gia nzito ya boksi la pili huizidisha tena karibu mara mbili. Na difu nayo mara nne na ushei. Ukizizidisha zote pamoja utapata zaidi ya 9,000. Hebu piga picha ya watu 13, kila mmoja mwenye kilo 70, wamening'inia kwenye ncha ya mtaimbo wa mita moja, na ncha ya pili ya mtaimbo imechomekwa katika shafti. Hiyo ndiyo nguvu tunayoizungumzia.

Kwa kawaida nguvu hiyo haiifikii shafti moja yote. Hugawanyika baina ya mbele na nyuma, kushoto na kulia. Juu ya hayo, tairi yenyewe huilinda shafti kwa kuteleza. Gurudumu lililobeba kilo 700, lenye nusu-kipenyo cha sentimeta 40, hata likiwa juu ya mwamba mkavu, litateleza kabla ya shafti yake kupata Newton-mita 3,000, yaani theluthi tu ya ile hesabu yetu ya kwanza. Katika tope huteleza mapema zaidi.

Basi shafti huvunjikaje? Huvunjika pale tairi inaponyimwa nafasi ya kuteleza. Gurudumu likibanwa baina ya mawe mawili, na dereva akaendelea kukanyaga mafuta, hakuna kitakachosalimu amri isipokuwa chuma. Gurudumu likiwa hewani linazunguka kwa kasi, kisha likaanguka ghafula juu ya mwamba, shafti hupigwa kama kwa nyundo. Kufuli la difu nalo, kwa kuwa linafunga pande zote mbili pamoja, huweza kulitwisha gurudumu moja lenye mshiko mzigo wote wa ekseli nzima.

Hatari hizo zote huongezeka usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Hapo gololi zimefika ukingoni mwa mifereji yake, mahali ambapo ukuta wa kikombe ni dhaifu, na ndipo kikombe kinapopasuka. Hali mbaya kupita zote ni kurudi nyuma kwa kupanda mlima huku usukani umekatwa, kwa sababu uzito wa gari huwa umeelemea mbele. Dereva anayenyoosha usukani kwanza, akatoka polepole, ameiongezea jointi yake nguvu bila kulipa hata senti moja.

Na tairi kubwa? Ukitoka tairi ya inchi 31 ukaenda ya inchi 35, umeurefusha wenzo unaoisokota shafti kwa takriban asilimia 13, bila kuhesabu uzito wa tairi yenyewe. Wengi wanaolalamika kwamba ekseli za siku hizi ni dhaifu walianza kwa kubadili tairi.

KABLA YA KUNUNUA

Jambo ambalo wauza vipuri hawalitaji ni kwamba jointi nyingi zinazovunjika zilikwisha kufa kwa kukosa grisi. Ndani ya kifundo cha Land Cruiser, lile tufe la chuma nyuma ya gurudumu, hutakiwa kuwa na grisi nzito yenye molibdeni. Baina ya kifundo hicho na difu mna sili. Sili ikichakaa, oili ya difu huvuja ikaingia kwenye kifundo, ikaichanganya grisi na kuifanya uji mwepesi. Uji huo hauwezi kuzishika gololi, na mwishowe huanza kutiririka kwenye tairi kwa upande wa ndani. Ukiona rangi nyeusi ya mafuta hapo, usikubali kuambiwa kwamba gari kuukuu lazima livuje. Difu yako inapungukiwa oili na jointi yako inasagika, vyote kwa wakati mmoja. Land Rover za zamani zilijazwa oili ya gia katika tufe hilo, na za baadaye grisi laini maalumu; kitabu cha gari husika ndicho cha kufuatwa.

Dalili ya pili ni ya masikio. Funga friwili, weka magurudumu manne, nenda polepole penye mchanga huku umekata kona. Jointi iliyochakaa hulia ko-ko-ko kwa kufuatana na mzunguko wa gurudumu. Dalili ya tatu huonekana shafti ikishatolewa: meno ya ncha yake, ambayo yalinyooka kama mistari ya daftari, yameanza kujiviringisha kama kamba. Shafti ya namna hiyo imekwisha kupita kiasi chake, hata kama bado ni nzima.

Fundi mwaminifu atakueleza pia kwamba jointi za Land Cruiser zilizolika kidogo huweza kubadilishana upande, ya kushoto ikaenda kulia, ili sehemu ya mfereji ambayo haikuwa ikibeba mzigo sasa ibebe. Ni hila nzuri ya kuokoa fedha, mradi mifereji iwe haina mashimo.

ZILIZO NA NGUVU ZAIDI

Sasa tuje kwenye hizo shafti za ng'ambo. Nguvu ya shafti hutokana na mambo mawili, unene na aina ya chuma. Kuhusu unene, hesabu yake inashangaza: nguvu ya kuhimili msokoto huongezeka kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Shafti ya milimeta 35 inaishinda ya milimeta 30, ya chuma kile kile, kwa karibu asilimia 60, ingawa tofauti yake machoni ni ndogo mno. Ndiyo sababu pia Land Rover iliyaacha meno 10 yaliyochimbwa kwa kina na kutumia meno 24 membamba. Meno mafupi huiacha shafti na kiini kinene.

Lakini unene una mpaka wake, kwa kuwa shafti lazima ipite katika spindo na beringi za gari lile lile. Hapo ndipo chuma chenyewe kinapobadilishwa. Shafti bora hutengenezwa kwa pua iliyochanganywa na nikeli, kromu na molibdeni, kisha hupikwa kwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu hata ngozi yake ikawa ngumu na kiini chake kikabaki na unyumbufu. Usishangae ukikuta shafti nzuri imepunguzwa unene katikati. Imefanywa hivyo makusudi, ili msokoto uenee katika urefu wote na shafti inyumbuke kidogo inapopigwa ghafula, badala ya pigo lote kuishia kwenye meno.

Swali ambalo ni wachache wanaouliza ni hili: shafti na jointi zikishakuwa hazivunjiki, kitavunjika nini? Nguvu iliyokuwa ikiivunja jointi haijatoweka. Itatafuta mnyonge mwingine, naye huenda akawa friwili, au skrubu za habu, au meno ya difu. Friwili ikivunjika si msiba. Iko nje, hubadilishwa kando ya njia kwa dakika chache. Difu ikivunjika, safari imekwisha. Kwa hiyo mimi kwa upande wangu ninapendelea gari ambalo kiungo chake kinyonge kinajulikana, kiko mahali panapofikika, na cha akiba kimo ndani ya sanduku la vifaa. Anayeongeza nguvu aanze ndani kuelekea nje, na aiache friwili iwe fyuzi ya ekseli nzima.

Kwa mtu aendaye kijijini mara mbili kwa mwaka kwa tairi za kawaida na difu isiyo na kufuli, jointi za kawaida zilizo mpya na za asili, pamoja na sili, beringi na grisi, zinatosha kabisa. Shafti za aloi zamfaa aliyekwisha tia tairi kubwa na kufuli la difu la mbele, au anayepita penye miamba kila wiki kwa ajili ya riziki yake.

MTEGO WA MADUKANI

Nenda Shauri Moyo pale Ilala, au Kirinyaga Road kwa wasomaji wetu wa Nairobi, utaonyeshwa shafti tatu zinazofanana kama mapacha, na bei zilizoachana kama mbingu na ardhi. Boksi lenye nembo ya kiwanda halithibitishi kitu, maboksi huchapishwa. Nenda na fundi, naye achukue tupa ndogo. Meno ya shafti iliyopikwa vizuri huikataa tupa, ikateleza kama juu ya kioo. Tupa ikiuma na kutoa vumbi la chuma, irudishe shafti hiyo juu ya kaunta. Zipime nyota na kikombe kwa kuvipindapinda mkononi. Jointi mpya hujipinda kwa uzito bila kugonga na bila kukwama.

Viko vishawishi viwili vya gereji ambavyo yapasa vikataliwe kwa adabu. Cha kwanza ni kuichomelea shafti iliyokatika. Moto wa kuchomelea huiharibu kabisa ile kazi ya kupika chuma iliyofanywa kiwandani, na shafti itakatika tena sentimeta moja kando ya kovu. Cha pili ni kukereza shafti mpya kutoka katika nondo yoyote iliyopatikana. Mkerezaji wetu ni hodari, na meno yake yataingia barabara. Lakini chuma laini kitasokotwa katika mlima wa kwanza.

Kazi ya kufunga ni ya siku nzima kwa pande zote mbili, wala isiharakishwe. Kalipa ya breki ining'inizwe kwa waya, isiachwe ikaning'inia kwa mpira wake. Kifundo kioshwe kwa dizeli mpaka kiwe cheupe, kwa kuwa chembe moja ya chuma cha jointi iliyovunjika inatosha kuiua mpya. Beringi za kingpini zirudishwe na vile vibati vyake vyembamba kama vilivyokuwa, kisha ukazo wake upimwe kwa mizani ya kuvuta kufuatana na kitabu. Zikilegea, usukani utatetemeka barabarani kiasi cha kutisha, na shafti mpya zitalaumiwa bure.

Wenye Prado, Hilux za siku hizi na RAV4 wanahusika pia, ingawa gari lao halina lile tufe la chuma. Jointi zao zimefunikwa kwa buti la raba. Raba hiyo ikichanika, grisi hurushwa nje na mchanga huingia, na jointi iliyokuwa na umri wa miaka kumi hufa katika miezi michache. Kuliinua gari la namna hiyo kwa springi ndefu huipinda jointi wakati wote, hata katika lami, na buti huliwa mikunjo yake. Chungulia nyuma ya tairi kila unapoosha gari.

IKIVUNJIKA NJIANI

Sauti ya mpasuko ikisikika mbele, simama. Usiendelee kujaribu kwa kukanyaga mafuta, kwani vipande vya kikombe huweza kujibana ndani ya kifundo na kuufunga usukani. Watoto na wazee washuke, wakae mbali na gari.

Habari njema ni kwamba katika Land Cruiser na Land Rover zenye ekseli nzima, gurudumu hubebwa na habu na beringi zake, halitegemei shafti. Fundi au dereva mwenye vifaa anaweza kuitoa shafti na jointi iliyovunjika pamoja na vipande vyake vyote, akarudisha habu na kufunga mahali pa friwili kwa kifuniko au kitambaa safi ili vumbi lisiingie, kisha gari likarudi mjini taratibu kwa magurudumu ya nyuma. Katika gari linalovuta kwa magurudumu yote wakati wote, kama One Ten, ni lazima difu ya kati ifungwe, la sivyo nguvu yote itapotelea upande uliovunjika na gari halitasogea. Wenye jointi za buti la raba wasijaribu kuitoa shafti nzima na kuondoka; katika mengi ya magari hayo ncha ya shafti na nati yake ndizo zinazoibana beringi ya gurudumu, na bila hizo gurudumu haliaminiki.

Baada ya kilometa 1,000 za kwanza, skrubu za habu na za mkono wa usukani zikazwe tena, na sili za kifundo zikaguliwe. Shafti kuukuu zilizotolewa zikiwa bado nzima usimwachie fundi. Zipake grisi, zifunge katika gunia, uziweke chini ya kiti cha nyuma pamoja na jointi yake moja, kipete chake cha kubania, gasketi mbili, friwili ya akiba na kopo la grisi. Uzito wake ni kama wa mkungu wa ndizi, na huko Kilombero au Loliondo hakuna duka litakalokuuzia kifurushi hicho saa tatu ya usiku.